Kihenge Kilichokataa Kujifunga

Mwanangu, mwaka ule nilikuwa nimeshatangaza mbele ya watu wazima, tena kwa sauti ya kusikika mpaka stendi, kwamba hapa duniani hakuna kitu kitakachonishangaza tena. Nakumbuka nililisema hilo asubuhi, nikiwa nimekaa nje ya karakana yangu pale Nachingwea, kikombe cha chai mkononi. Nilikuwa na sababu zangu. Mtu ameishia darasa la nne, akaanza kwa kuziba pancha za baiskeli, akanunua mashine yake ya kwanza ya kuchomelea kwa ufuta aliolima mwenyewe, na leo ukipita mjini ukahesabu mageti kumi mazuri, saba ni yake. Mtu huyo ashangazwe na nini?

Hilo la mageti si majivuno, nenda kahesabu. La nane nalo ni langu, lakini lina simba ambaye watu wanasisitiza kwamba ni mbwa, kwa hiyo siku hizi siliweki kwenye hesabu.

Nilikuwa kijana bado, wa miaka arobaini na mmoja. Usicheke. Ukifika huku nilipo utaona kwamba arobaini na mmoja ni utoto, tena utoto wa hatari, kwa sababu mfukoni una kitu na hakuna aliyebaki wa kukuchapa.

Basi asubuhi ileile akaja mwalimu mmoja, Mwalimu Levina, aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba kufundisha vijana ubunifu wa vifaa. Wakati huo sikujua kwamba ubunifu wa vifaa ni kazi ya mtu kulipwa mshahara. Mimi nilidhani kifaa kinabuniwa na yule aliyekikosa. Alikuwa amebeba kikapu cha maganda makavu ya miombo, yale ambayo mwezi wa tisa unayasikia yakipasuka porini. Akakiweka kikapu juani, karibu na mguu wangu, tukasalimiana.

"Fundi, nataka unitengenezee kitu kinachofuata maumbile."

"Hapo umefika, mwalimu. Nikuwekee simba au samaki?"

"Sitaki picha ya mnyama. Nataka kifanye kazi kama..."

Hakumaliza. Ganda moja likapasuka, nusu yake ikaruka ikagonga kikombe changu, na mimi nikajikuta nimesimama upande wa pili wa barabara, chai yote iko kifuani. Mwalimu mpaka leo anasema niliruka. Mimi nasema nilikuwa nimeshapanga kuvuka. Tumeliacha hivyo.

Niliporudi alikuwa ameliokota lile ganda, limejinyonga kama kamba.

"Nani amelipasua, fundi?"

"Jua."

"Jua linaangaza tu. Nani amelinyonga?"

Nikamrudishia swali lake, si kwa kushindwa, ila nilitaka kuona yeye anajua kiasi gani. Akanieleza. Ukuta wa ganda lile una matabaka mawili, nyuzi za moja zinakwenda huku na za jingine zinakatiza. Likikauka, kila tabaka linataka kusinyaa kwa upande wake, hayaelewani, ganda linajipinda mpaka linapasuka. Ukilirudishia unyevu, linajinyoosha kidogo kidogo. Hapo hakuna mota, hakuna umeme, hakuna mtu wa kusukuma. Kisha akatoa mkobani kibao chembamba kama jalada la daftari, mbao mbili zilizogundishwa kwa mtindo uleule wa ganda. Akakiwekea kitambaa kibichi, kikalala. Akakitoa, akakiweka juani. Baada ya muda kikainuka upande mmoja taratibu, kama mtu anayeinua nyusi.

Mwanangu, nilitazama kibao kile nikasema, "Aha, kawaida." Lakini moyoni nilikuwa nimeshatekwa.

Alichotaka ni kihenge cha korosho. Unajua taabu yetu huku: korosho zinaanguka mwezi wa kumi na wa kumi na moja, unaziokota, unazianika, na mvua za mwanzo nazo zinachagua siku hizohizo. Mtu ana shamba, ana soko, ana msiba kijiji cha pili, hawezi kukaa nyumbani kutwa akitazama mawingu. Kihenge cha mwalimu kingesimama juu ya miguu ya chuma, kina tumbo kama ganda la myombo, na ubavuni vibao sitini na vinne vimepangwa kama magamba ya samaki. Hewa ikiwa kavu vibao vinainuka, upepo unapita kwenye korosho. Unyevu ukiingia hewani vinalala vyenyewe, mvua inakuta mlango umefungwa. Lile tumbo nalo halikuwa la urembo. Alilichora kwenye kompyuta mara nyingi mpaka upepo ukiingia kwa chini unapanda na kutokea juu bila kukwama pahala.

Kwa haki niseme: chuma kile nilikikunja mimi, na sijaona mwingine hapa kati ya Nachingwea na Ruangwa ambaye angekikunja vile. Miaka yote nilikuwa fundi wa pembe nne. Geti lina pembe nne, dirisha lina pembe nne, kitanda hivyohivyo. Hapa hapakuwa na mstari ulionyooka hata mmoja. Nikakunjia nondo kwenye rimu ya lori, nyingine kwenye pipa, moja ngumu nikaikunjia kwenye gogo. Wiki mbili. Mwalimu alipokuja kupima na karatasi zake, alipapasa ule ubavu, akasema, "Fundi, umepatia." Watu wa Bukoba hawasifu ovyo.

Akafunga vibao vyake kwa mkono wake, kimoja kimoja. Halafu akaaga, anakwenda kwao likizo, akaniachia neno moja.

"Chuma fanya utakavyo, fundi. Mbao usiziguse."

"Bila shaka."

Nililielewa neno lile kwa namna yangu. Nilidhani anaona haya kuniomba rangi kwa sababu mshahara wa mwalimu unajulikana. Na mimi katika maisha yangu sijawahi kutoa kazi karakanani bila rangi. Kazi isiyo na rangi ni kama bwana harusi aliyevaa kandambili, amevaa lakini hajavaa. Basi yeye alipopanda basi tu, nikatoa kihenge juani, katikati ya mchana, vibao vyote vimeinuka vizuri, nikavipaka rangi ya mafuta. Mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu ili ing'ae. Rangi ya kijani, kwa kuwa mwalimu alisema maumbile, na maumbile ninayoyajua mimi ni ya kijani. Juu kabisa nikachomelea tai wa chuma, mabawa wazi. Huyo tai hakuna aliyewahi kumfananisha na kuku, nataka hilo lijulikane.

Kihenge kilitakiwa kijaribiwe kwa mkulima. Nikasema kitajaribiwa kwa mama mkwe wangu, kijijini Narung'ombe.

Hapa nikuweke sawa, mwanangu. Katika ukoo wa mke wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawasemeshani uso kwa uso. Si ugomvi, ni heshima. Kukiwa na mtu kati yenu, maneno yanapitia kwake. Mtu asipokuwepo, au asipotaka kubeba maneno, unasema na chochote kilichopo uani: kinu, mbuzi, jembe. Kwa mama mkwe wangu palikuwa na kuku mmoja tetea, mzee, ambaye yeye na mama yake kabla yake, kwa miaka kumi na saba ya ndoa yangu, walikuwa wameshasikia mambo mengi ya ukoo kuliko mjumbe. Na katika miaka hiyo yote, hakuna kuku aliyewahi kupewa neno moja la kunisifu. Geti nimempelekea mama mkwe, kitanda nimempelekea, kimya. Nilitaka neno hilo, sikufichi. Mtu mzima, karakana yangu, wafanyakazi wangu, lakini nilikuwa nalitaka neno la mwanamke yule kama mtoto anavyotaka andazi.

Na yeye mwaka ule alikuwa na jambo lake. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, inavuja, kitanda alikuwa ameshakihamisha kona tatu na ya nne ilikuwa ya majiko. Korosho za msimu ule zilikuwa za mabati. Alikuwa ameshamwambia kila mtu, kuku akiwemo.

Tukapakia kihenge kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, tukapita Ruangwa mjini taratibu ili watu waone tai, tukafika. Mama mkwe akakizunguka mara mbili, mikono nyuma. Kisha akainama.

"Wewe kuku, muulize mgeni wetu, hivi vibao ni vya mti?"

"Kuku," nikasema, "mwambie mkwe wangu ni vya mti. Mninga mtupu."

"Muulize, mti ukishavikwa rangi namna hii unapumulia wapi?"

"Mwambie hiyo si rangi ya hivihivi. Imetoka Dar."

"Muulize, huko Dar kuna miombo?"

Mke wangu, Asha, akaingia jikoni haraka. Nikamsikia anachekea ndani ya sufuria.

"Mwambie," nikasema, "mimi kazi hii nina miaka ishirini."

Mama mkwe akapapasa kibao kimoja.

"Kuku, mpe pole."

Sasa utasema, kwa nini hakukikataa? Hakuweza. Zawadi ya mkwe haikataliwi, wala haiachwi tupu uani majirani wakaiona. Na mimi je, kwa nini sikumuuliza alichokuwa anakijua? Sikuweza pia. Ningemuuliza kupitia nani, kuku yule aliyekuwa ameshaanza kuparua mchanga? Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba utotoni mama yule na wenzake walikuwa wakiyapaka maganda ya miombo mafuta ya nyonyo, makusudi, ili yasipasuke, wayachezee kama mitumbwi. Jibu lote lilikuwa kinywani mwake. Heshima ilikuwa imekaa katikati yetu, mimi nikaitumia kama mto wa kulalia.

Basi wakahamisha korosho zote kutoka kwenye mikeka na magunia, wakazimimina kihengeni. Wiki ya kwanza jua lilikuwa kali. Vibao viko wazi, upepo unapita, ukitia mkono ndani unasikia korosho zinalia kama kokoto. Majirani wakaja. Kuna aliyetoka mpaka Nambilanje kuja kumtazama tai. Nikawaeleza matabaka mawili, nyuzi zinazokatiza, unyevu, kila kitu, na sikumtaja mwalimu sana, kwa sababu alikuwa mbali.

Ijumaa moja baada ya swala, mimi na Asha tukiwa palepale Narung'ombe, wingu likatokea upande wa bondeni. Jeusi, halina mchezo. Kijiji kizima kikakimbia: huyu anakunja mkeka, yule anaburuta gunia, watoto wanasomba kwa ndoo. Mimi nikavuta kiti, nikakaa barazani, nikakunja nne.

Mama mkwe akatoka na turubai begani.

"Kuku, mwambie mgeni wetu anisaidie upande wa pili."

"Kuku, mwambie mkwe wangu atulie. Chombo kinajua kazi yake. Kinajifunga chenyewe."

Akasimama. Majirani waliokwisha kufunika za kwao wakakusanyika chini ya paa la jirani, wamefunga mikono, wanatazama. Hewa ikawa nzito, yenye harufu ya udongo. Vibao kimya. Tone la kwanza likadondoka juu ya tai. Vibao kimya.

"Fundi," akaita mmoja kutoka kule, "kinasubiri nini?"

"Kinasubiri ikolee."

Ikakolea. Mwanangu, umewahi kuona watoto sitini na wanne wamekaa mstarini, midomo wazi, wanasubiri dawa ya kijiko? Ndivyo vibao vile vilivyopokea mvua. Kila kimoja kimeinuka, kimekinga, kinamimina ndani. Rangi ile ya Dar ilikuwa imevigandisha palepale nilipovikuta juani, na hakuna unyevu ambao ungeweza kuingia mpaka kwenye mti. Mimi nikashuka barazani nikaanza kuvisukuma kwa viganja. Nasukuma hiki, kinarudi. Nasukuma kile, kinarudi. Maji yalikuwa yanatokea chini ya kihenge yamekuwa rangi ya chai, na ndani yake ziko korosho za mabati ya mtu.

Ndipo nikasikia jina langu.

"Bakari. Shika turubai."

Nikageuka. Hapakuwa na Asha hapo, hapakuwa na kinu, kuku alikuwa uvunguni mwa kitanda. Alikuwa mama mkwe wangu mwenyewe, kanga imelowa imemganda kichwani, ameninyooshea ncha ya turubai na ananitazama machoni. Kijiji kizima chini ya lile paa kikanyoosha shingo. Na mimi niliyekuwa nimetangaza hakuna cha kunishangaza, nilishangaa mpaka nikasahau mikono yangu iko wapi.

"Shika, baba. Vuta kwako."

Nikashika. Tukafunika, yeye upande ule, mimi upande huu, tumeinamiana mvuani. Akanitazama muda mrefu.

"Kumbe umeota mvi," akasema. "Hawa wajumbe wetu hawaniambii kitu."

Korosho zile tulizianika upya siku sita. Kwenye ghala la ushirika walizikata chache kwa kisu kama wanavyofanya, wakakuta madoa ndani, wakaziweka daraja la chini. Hawakukosea. Mabati hayakufika hata nusu.

Mwalimu Levina aliporudi hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alikitazama kihenge, akamtazama tai, akaomba kisu. Akakwangua kibao kimoja mpaka mti ukaonekana, akakiwekea kitambaa kibichi. Tukakaa. Kikalala.

"Fundi, nikikufunga nailoni mwili mzima, utatoa jasho?"

"Hapana, mwalimu."

"Ulitaka kifanane na mti. Mimi nilitaka kifanye kama mti."

Nilikwangua vibao sitini na vitatu vilivyobaki kwa mkono wangu, vitano vikavunjika, mwalimu akatengeneza vingine. Mvua iliyofuata ilinikuta nimesimama mbele ya kihenge, turubai begani, safari hii sikukaa kitini. Hewa ilipobadilika tu, vikaanza kulala, kimoja hapa, kimoja pale, mpaka ubavu wote ukawa laini kama wa samaki. Ndani, vumbi kavu. Mama mkwe akaja akasimama kando yangu. Nikangoja neno langu.

"Huyu mwalimu," akasema, "ni mtu hodari."

Na tangu siku ile ya turubai hakurudi tena kusemea kwa kuku. Lakini kwao mkwe akisababisha mama mkwe afunguke kinywa hivi mbele za watu, kuna heshima ya kutoa: mbuzi, doti mbili za kanga, na wazee wa ukoo wanywe chai na kula wali. Nikatoa. Na mabati nikanunua mimi, yote, na misumari, na nikapaua mwenyewe. Kitanda kikarudi kona ya kwanza.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu nimekaa chini kuandika haya na mimi kalamu si rafiki yangu. Unaporithi au unapoiga kitu, kiwe cha msituni au cha mtu, kwanza uliza kinafanyaje kazi. Sura yake ni ya mwisho, na mara nyingi haina haja. Ukikuta fundi mwenzio ameacha kitu bila urembo, usimwonee huruma, huenda hapo ndipo akili yake ilipo. Mtu akikwambia usiguse, usiguse hata kama una rangi ya Dar. Mkubwa akikuuliza swali kwa kuzunguka, wewe usizunguke, jishushe, mwambie kupitia yeyote, "Sijui, naomba unifundishe." Heshima iliwekwa ili tusiumizane, haikuwekwa ili tusiambizane. Na mwenye kazi mtaje, awe yupo awe hayupo. Siku hizi wakija kutoka Marambo kuniagiza vihenge, nawaambia kwanza jina la Mwalimu Levina, halafu ndipo nawaambia nani alikunja chuma, na hapo huwa nachukua muda wangu.

Mungu akupe mikono yenye adabu, mwanangu, na macho ya kuona kitu kabla ya kukitia mkono. Akupe mwalimu asiyegomba, na mkwe atakayekuita kwa jina lako kabla mvua haijaanza. Akukinge na umri wa miaka arobaini na mmoja. Mimi shuleni sikulipa ada zaidi ya darasa la nne. Iliyobaki nililipia Narung'ombe, kwa mkupuo, shilingi milioni mbili, laki tatu, elfu sabini na nne na mia tano.